Skrini Sita za Mama Vioo

Nimeingia maduka ya kompyuta katika miji mingi, na karibu yote huuza skrini kubwa kwa njia moja: huonyesha maporomoko ya maji. Mama Vioo naye alifanya hivyo. Duka lake liko ghorofa ya pili, juu ya kinyozi, na jina hilo alilipata kwa kubadilisha vioo vya simu miaka kumi. Mwaka huu alitia akiba yake yote katika skrini sita za inchi thelathini na mbili, angavu kiasi kwamba herufi ndogo kabisa husomeka kama zimechapwa kitabuni.

Watu walipanda ngazi, wakaegemea kaunta, wakatazama maji yakianguka. Bei ilipotajwa, walicheka. "Mama, hiyo si bei, ni namba ya simu!"

Mdogo wake, mshirika wake dukani, hakucheka. Kila toleo jipya likitoka, skrini za zamani hushuka thamani. Kukaa nazo ni kama kuanika barafu juani.

"Dada, tunawapa watu sinema ya bure. Mwezi ukiisha tuziuze zote kwa jumla, tumeze hasara, turudi kwenye simu zetu."

Wakakubaliana hivyo, dada mtu kwa moyo mzito.

Mama Vioo akashusha bei. Loo! Walewale waliocheka wakaanza kunong'ona. "Mbona imeshuka ghafla? Ina ugonjwa gani?" Rahisi ghali, hakuna mteja asiyeijua methali hiyo. Akairudisha bei palepale ilipokuwa.

Zikiwa zimebaki siku tisa, aliingia mchora ramani wa mifereji, mama wa makamo, kununua waya wa kuchajia. Akitaka kutazama kando, aligeuka mwili mzima.

"Shangazi, umelala vibaya?" Mama Vioo akamuuliza.

"Nimefanya kazi vibaya. Kikompyuta changu kama sahani ya chai. Ramani ya mtaa mmoja naisogeza mara hamsini."

"Unayo hapo?"

Alikuwa nayo kwenye flashi. Mama Vioo akazima maporomoko, akaifungua. Mtaa mzima ukajitandaza: mifereji, mashimo, hata namba za nyumba. Mchora ramani akasogea, akarudi nyuma, akaguna.

"Yarabi! Huu mfereji nimeupandisha kilima! Na kesho naikabidhi."

Akausahihisha papo hapo, amesimama, mkoba begani. Hakuomba apunguziwe hata senti. "Nifungie," alisema. Kesho yake akaleta wenzake wawili wa ofisini, nao wakafungiwa moja moja.

Tangu hapo, kila aliyepanda ngazi aliambiwa aje na kazi yake. Mbunifu wa nguo alikaa saa nzima, akakuza mishono, akashukuru, akaondoka mikono mitupu. Msafisha picha wa studio akaondoka na moja.

Siku ya mwisho zilibaki mbili. Mdogo mtu alikuwa anaongea na mnunuzi wa jumla kwenye simu, huku mbele yake mpangaji kurasa wa gazeti akitazama kurasa mbili zikiwa kando kwa kando, kalamu mdomoni, akitikisa kichwa kwa raha.

"Samahani, bwana," akamwambia wa simu. "Za jumla hatuna."

Akaifunika simu kwa kiganja. "Dada, yule aliyekuuzia skrini hizi, amebakiza ngapi?"