Mgeni Niliyemsifia

Sitaki unihurumie, na sitaki ubishe. Ukiona haya ni ya kutunga, nenda Tunduma ukawaulize wanaonifahamu kwa nini nyumbani kwangu mtu akipiga hodi hajibiwi mpaka atazamwe kwanza. Nilikuwepo, nina akili zangu timamu, na jambo lenyewe lilitokea mchana kweupe.

Wakati ule wa foleni za sukari na sabuni nilikuwa fundi cherehani, nashonea barazani kwangu karibu na mpaka. Mzungu mmoja aliyekuwa anavuka kwenda Zambia aliniachia koti nimbadilishie bitana, asirudi tena. Mfukoni nikakuta karata za picha, si hizi za kuchezea. Mwalimu mmoja wa ng'ambo alinisomea maandishi yake, akasema watu hutazamia bahati kwa karata hizo. Mifupa juu ya farasi ni kifo. Mnara unaopigwa radi ni maangamizi. Mtu aliyelala kifudifudi na mapanga kumi mgongoni, huyo nadhani hahitaji mwalimu.

Nikaanza kuwatazamia watu. Lakini niambie, nani angekuja kupanga foleni nyingine kwangu ili aambiwe atakufa? Basi kila picha mbaya nikaitafutia uzuri. Mnara: utahama nyumba mbovu. Mapanga: sindano hizo, mgongo utapona. Mifupa juu ya farasi: mgeni wa heri yuko njiani, fagia uwanja. Watu walitoka kwangu wanacheka. Balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwa akikemea ramli kwenye mikutano, alikuja mwenyewe kwa mlango wa uani. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Ndani nilikuwa na mdogo wangu Sekela, ametoka kwetu Ibaba kuja kujifungulia kwangu. Mimba ilikuwa inamsumbua. Miguu imevimba, kichwa kinagonga, macho yanaingia giza. Muuguzi wa zahanati alimwambia awahi hospitali, asisubiri uchungu. Sekela akaogopa kupasuliwa, akaniomba nimtazamie kwanza. Ikatoka mifupa. Unajua nilimwambia nini?

"Mgeni wa heri, mdogo wangu. Ndiye mtoto huyo. Tulia."

Akatulia. Wiki nzima ikapita hatujaenda popote.

Siku hiyo ilikuwa saa nane mchana, mwezi wa saba, upepo wa baridi unatupiga vumbi la barabarani. Watu wanne walikuwa kwenye benchi wanasubiri kutazamiwa. Akaja mwanamke amejifunga chitenge cha Zambia. Sisi sote tulikuwa tunafikicha macho, lakini chitenge chake hakikutikisika hata pindo. Niamini, mimi ni fundi, nguo ndiyo kitu cha kwanza ninachokitazama kwa mtu.

"Mulishani, mayo," akanisalimia kwa Kibemba, yaani hujambo, mama.

"Bwino," nikamjibu.

Hakukaa. Alichomoa karata moja katikati ya fungu: mifupa. Nikazichanganya, akachomoa tena: mifupa. Mara ya tatu nilizichanganya mpaka vidole vikauma. Mifupa ileile.

"Huyu nani?" akauliza.

"Mgeni wa heri."

"Mwalimu alikwambia jina lake." Alijuaje? Siku ile ya mwalimu tulikuwa wawili tu. "Kila siku unanivalisha nguo zisizo zangu hapa barazani. Mimi nina kazi yangu, na watu wana haki ya kuniogopa. Wanaoniogopa hukimbia mapema. Nakuuliza kwa mara ya mwisho, mayo. Huyu nani?"

Neno moja tu lilitakiwa. Kifo. Lakini wale wanne walikuwa wameacha kuongea, wananisikiliza mimi, na kila mmoja alikuwa ameshapewa uzuri wake na mimi siku za nyuma. Ningewaambia nini? Nikapandisha sauti kwa hasira.

"Nimesema ni mgeni wa heri! Anayemwogopa huyu ni mjinga!"

"Haya," akasema. Akaugeukia mlango wangu. "Hodi humu ndani."

Si unajua tulivyo? Mtu akisikia hodi, hata kama anachambua mboga, hata kama anaumwa, mdomo unaitika kabla hajajua ni nani. Tena Sekela alikuwa amemsikia dada yake anavyomsifia mgeni.

"Karibu mgeni! Karibu ndani!" akaitika, kwa furaha kabisa.

Hata hapo ningeweza kupiga kelele. Sikupiga. Mwanamke akaingia, na nilipopata nguvu za kumfuata nilimkuta Sekela peke yake, amekaa kwenye kigoda.

"Dada, mgeni wako mpole," akaniambia. "Amenishika kichwa, maumivu yote yameisha."

Kisha macho yakamgeuka, mwili ukaanza kukakamaa.

Lori lilipatikana jua linazama. Hospitali walimwokoa mtoto, wa kike. Sekela hakuamka.

Wale wanne niliwauliza baadaye. Mmoja alimwona mzee, mwingine alimwona askari, wawili wanaapa hakuja mtu yeyote. Lakini wote wanne walisikia hodi, na wote walisikia karibu.

Karata nilizichoma, haikusaidia kitu. Mtoto nikamlea. Kila alipouliza mama yake alikufaje, nilimpa yaleyale matamu yangu: amepumzika, Mungu alimpenda zaidi. Akakua, akaolewa, akabeba mimba ya kwanza, akawa anapiga chenga kliniki. Hapo ndipo nilipoogopa nikamweleza yote, kama ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akafunga mzigo wake, akaenda hospitali siku ileile, akajifungua salama. Kwangu hajakanyaga tena. Mtoto wake sijamwona.

Basi wewe, akikujia mtu na hofu yake akakuuliza, usimtafutie maneno matamu. Mwache aogope, akimbie. Mimi nilikuwa na neno moja la kusema, nikaona aibu mbele ya watu wanne, na siku hizi hata majina yao siyakumbuki.