Hostia Katika Mfuko wa Koti

Nitawasimulia mwenyewe, kabla hamjaisikia kwa watu wa mtaa wetu wa Bel-Air ambao kila wakiirudia wanaongeza chumvi: mimi, fundi wa friji mwenye diploma niliyoipata Bulaya (Ulaya) na karakana niliyoijenga kwa mikono yangu, nilishikwa kanisani mchana kweupe na hostia, mkate mtakatifu wa misa, mfukoni kama mwizi. Aibu ile bado ninayo.

Niliporudi Lubumbashi nilirudi na vitu viwili, diploma na ugonjwa. Ugonjwa unaitwa seliaki: kinga ya mwili wangu, badala ya kupigana na maadui wa nje, inaushambulia utumbo wangu mwenyewe kila ngano inapoingia, hata chembe, na tiba yake ni moja, kuiacha ngano maisha yote. Hakuna mkate, hakuna makaroni, wala bia (shayiri nayo imo). Yaya Monga, dada yangu mkubwa, alicheka mpaka akakaa chini. "Weye? Weye mutoto wa mukate na chai? Juma mbili tu utarudia!" Mume wake, Papa Kazadi, yeye alinipa juma moja.

Basi huu ni mwaka wa tatu. Bukari (ugali) ya mahindi, sombe (kisamvu), maharagwe, samaki. Sufuria zangu peke yangu, mwiko wangu peke yangu, na unga nasagisha kwenye mashine ambayo haisagi ngano (mwenye mashine nilimhoji kama polisi). Kwenye harusi nakwenda na chakula changu ndani ya termosi. Tumbo limetulia, mwili umerudi, na kwa kuwa sijui kunyamaza, kila aliyekaa karibu nami mezani alipata somo zima, hata yule aliyeomba tu nimpitishie pilipili.

Jambo moja tu lilinishinda kulisema, nalo ni komunyo. Hostia ni ngano. Kwa muda wote huo nilikuwa nafika misa kwa kuchelewa, nakaa nyuma kabisa, na wenzangu wakienda kupokea, mimi naangalia viatu vyangu.

Halafu ikafika komunyo ya kwanza ya Josiane, binti wa Yaya Monga, mwenye miaka kumi, ambaye mimi ndiye baba yake wa ubatizo. Katika parokia yao kila mtoto anakwenda mbele na msimamizi wake na wanapokea pamoja, watu wote wakiangalia.

"Usipopokea bantu batasema nini?" Yaya aliniuliza. "Bibi yako iko Bulaya, weye uko hapa peke yako. Batasema uko na mwingine."

Alisema kweli: mke wangu alikuwa amebaki Bulaya, na kwetu asiyepokea anahesabiwa kuwa ana dhambi. Padri naye alikuwa ametangaza kwamba msimamizi mwenye shida yoyote aje kumwona, mlango uko wazi juma zima. Ingenichukua dakika tano. Lakini mimi, niliyewafundisha wote namna ya kuishi bila ngano, niende kuomba msaada kama mtu asiyejiweza? Nikaamua (na hapo ndipo kila kitu kilipoharibika) kwamba nitapokea mkononi, nitapeleka mkono mdomoni, hostia nitaitia ndani ya kitambaa safi mfukoni, na misa ikiisha nitampa padri kwa heshima. Nilifanya mazoezi mbele ya kioo, na nawaambia, nilikuwa hodari.

Siku yenyewe ilikwenda vizuri mpaka tuliporudi kwenye benchi. Mkono ulipanda, ukashuka, ukaingia kotini, hakuna aliyeona. Hakuna, isipokuwa Josiane, ambaye kwa juma zima alikuwa ameambiwa: fanya kama Tonton, mjomba wako, anavyofanya. Akanivuta mkono wa koti, akafungua kiganja chake, na ndani yake hostia yake ilikuwa nzima kabisa.

"Tonton," akanong'ona, "yangu nitie wapi?"

Mnong'ono wa mtoto mnaujua, unafika mpaka barabarani. Mama Ngoie, mkubwa wa watu wa protokoli, wale wanaopanga watu kanisani, alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Nani alikufundisha kuficha Bwana?"

Mtoto akaninyooshea kidole.

"Weye baba, mu mufuko muko nini?"

"Kitambaa, mama."

"Toa ile kitambaa."

Nikakitoa. Kwaya ikapoteza wimbo, sauti moja baada ya nyingine. Mtu wa benchi la tatu akapaza sauti: "Iko ule anaendaka Kambove! Kule njo banatiaka hostia mu shimo, bapate mawe ya muzuri!" Kambove ni mji wa migodi, na juma lililotangulia nilikuwa nimetengeneza friji ya muuza samaki huko, na asubuhi ile ile, nje ya kanisa, nilikuwa nimejisifu jinsi nilivyolipwa vizuri.

Nikaanza kueleza. "Mama, hii ni ngano, na kinga ya mwili wangu..."

"Ngano? Padri anaisha kubariki, na weye unaita Yesu ngano?"

Papa Kazadi akasimama kunitetea, akasema ni kweli, huyu shemeji yake ana ugonjwa wa kukataa mkate. Watu wakacheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko mashitaka.

Padri akashuka, akachukua kitambaa, akatupeleka sakristia, chumba cha nyuma ya altare, sisi wawili. Josiane alikuwa ameshika hostia yake kwa mikono miwili, machozi yanamdondokea kwenye gauni jeupe. "Padri, komunyo yangu imeharibika?" Hapo sikujali tena ni nani atasema nini kuhusu bibi yangu.

"Haijaharibika, mama," padri alimwambia, kisha akanigeukia. "Papa, ngano haiko mu divai. Ungesema neno moja, ningekuwekea kikombe yako peke yako. Sasa kabla ya baraka tutarudi bote watatu, na weye mwenyewe utaambia bantu. Kwa kifupi."

Tukarudi. Nilisimama mbele ya watu wale wote, mimi wa masomo marefu, nikasema: "Niko mgonjwa, ngano inaniumiza, na niliona haya kuomba. Mtoto hana kosa." Josiane akapokea, akatafuna huku ananiangalia kuhakikisha. Mimi nikapewa kikombe kidogo, nikanywa chote.

Siku hizi kila Jumamosi nampigia padri simu, nasema, "Baba, kesho nitakuja," naye anajua maana yake: aniwekee kikombe changu peke yangu. Kuacha ngano niliweza, na bado najisifu kwa hilo. Lakini kuficha ugonjwa wangu mbele ya mtoto anayefuata nyayo zangu, hapana, sirudii tena.