Baba Niliyemzika kwa Simu

Fomu ilijazwa katika ukumbi wa kanisa, Buzuruga, Mwanza, na aliyeijaza si mimi. Mratibu wa mradi, dada mmoja mwenye sauti ya upole na kucha alizopaka rangi ya zambarau, aliniuliza maswali huku akiandika mwenyewe ili nisiharibu mistari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita mwaka uliotangulia kwa alama ambazo hazikunifikisha popote. Niliishi kwa shangazi, dada yake baba, nikimsaidia kuuza mitumba karibu na stendi.

"Wazazi wako hai?"

"Mama alifariki nikiwa darasa la nne. Baba yupo Magu, analima mpunga."

Kalamu ikasimama. "Anakusomesha?"

"Hana uwezo."

"Unaishi naye?"

"Hapana."

"Basi ni kama hayupo, mdogo wangu." Alilisema hilo kwa huruma kabisa, kama mtu anayekutoa mwiba mguuni. "Nafasi ni chache na wanaanza na yatima. Nikiandika baba yupo, fomu yako inakwenda chini ya zote. Niandikeje?"

Napenda kujiambia kwamba alinilazimisha. Hakunilazimisha. Aliniuliza, akasubiri, na mimi nikatazama zile kucha nikasema, "Andika unavyoona."

Baada ya wiki tatu nikapigiwa simu kwamba nimechaguliwa. Mradi wenyewe ulikuwa wa kampuni moja ya Dar es Salaam inayosambaza vyakula madukani. Wafanyakazi wake wakubwa walijitolea saa moja kila wiki kumshauri kijana wa mikoani kwa simu ya video: jinsi ya kuomba kazi, jinsi ya kuanza biashara, jinsi ya kusema mbele ya watu. Waliwaita menta. Kila Ijumaa tulitumiwa bando, na kila Jumamosi saa kumi alasiri nilijibanza nyuma ya suruali zilizotundikwa kwenye kibanda cha shangazi, simu yake nimeiegemeza kwenye rundo la mashati, nikamngoja menta wangu.

Alikuwa meneja wa mauzo, mwanaume wa miaka arobaini hivi. Nyuma yake ilionekana kabati ya vitabu na pazia jeupe. Nilimwita kaka, naye akaniita mdogo wangu. Na niseme wazi, kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu leo kama angekuwa mtu wa hovyo: alikuwa mwalimu mzuri kuliko wote niliowahi kuwa nao. Hakuchelewa hata mara moja. Alikumbuka nilichomwambia wiki mbili nyuma. Alikuwa anajigeuza mwenye duka mkorofi, ananuna kwenye kioo, ananitaka nimuuzie sabuni.

"Shikamoo bosi, samahani kwa usumbufu, nilikuwa naomba..."

"Simama hapo! Umeomba samahani ya nini? Umenikanyaga?"

"Hapana."

"Basi anza upya. Niambie una nini, unakileta lini, na kwa nini hiki ni bora kuliko cha jana."

Nilianza upya. Wapiga debe wa stendi walikuwa wanaita Magu, Lamadi, Bunda, na mimi nilikuwa nazima kipaza sauti na kukiwasha, naona aibu. Akaniambia niache. "Hizo ndizo kelele za soko. Jifunze kuongea kuzishinda."

Jumamosi ya tatu alinisimulia habari zake. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tano, na ndugu wa baba wakaja wakabeba mpaka masufuria. Ndiyo maana, akasema, mradi ulipotangazwa ofisini aliomba apewe kijana asiye na baba. "Wewe wa kwako aliondokaje?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema ukweli. Nilipaona. Ningeweza kusema, kaka, kuna kosa kwenye fomu. Badala yake nilichukua kifo cha mama nikampa baba. Nikamsimulia kikohozi, wodi ya hospitali ya wilaya, blanketi la kijivu, nilivyotolewa darasani na mwalimu wa zamu. Kila kitu kilikuwa kweli isipokuwa mwenye kufa. Nililia kwa machozi yangu halisi, na yeye akavua miwani akafuta macho upande wa pili wa nchi.

Kuanzia siku hiyo tukawa ndugu. Baba niliyemzika kwa simu ndiye aliyetuunganisha.

Baba mwenyewe, yule wa Magu, alitokea mwezi wa tano wa mazungumzo yetu. Hakuwa amepiga simu. Hakuwa na desturi hiyo. Alishuka kwenye basi na furushi la michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa, na jogoo kafungwa miguu, akauliza kibanda cha dada yake, akaonyeshwa. Shangazi alikuwa ameenda mjini kununua belo la mitumba. Mimi nilikuwa nyuma ya suruali zangu. Waya wa masikioni ulikuwa umekatika, nikawa natumia spika ya simu.

"Mayu," nikasikia. Ni mama kwa Kisukuma. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

Akazisogeza suruali kwa mkono akaingia, na uso wake ukatokea kwenye kioo cha simu karibu na wangu. Menta akatabasamu.

"Naona una mgeni. Shikamoo mzee! Mdogo wangu, huyo ni nani?"

Sikufikiri, au nilifikiri haraka mno. "Ni jirani, kaka. Mzee wa jirani."

Baba alinitazama. Jogoo alikuwa anapiga mbawa. Sikujua atasema nini, na katika maisha yangu sijawahi kumwogopa mtu kama nilivyomwogopa mzee huyo aliyevaa makatambuga ya tairi yenye vumbi la Magu. Kisha akainama kidogo kuielekea simu, kwa adabu, kama anavyoinama kanisani.

"Malahaba," akasema. "Mimi jilani yake."

Ulimi wake haujawahi kuzitofautisha r na l. Menta akamwambia anilee vizuri, mimi ni binti mwenye akili. Baba akasema ni kweli, ana akili. Akatoka nje, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mpaka nilipomaliza. Hakuniuliza kitu. Nilipompikia chai akanywa, akatoa habari za mvua na za ng'ombe wa jirani aliyeingia shambani. Shangazi aliporudi na kumwambia alale, akasema basi la mwisho bado lipo, akaondoka.

Miezi tisa ilipotimia kampuni ikaandaa sherehe ya kufunga, katika hoteli moja kando ya ziwa. Mamenta walikuja kwa ndege. Kila kijana aliambiwa aje na mlezi wake, na shangazi, ambaye alijua tu kwamba nasomeshwa biashara kwa simu, alishona kitenge kipya na kukopa pochi ya kuendana nacho. Tulikaa safu ya pili. Upepo wa ziwa ulikuwa unalitunisha bango la kampuni, na vijana wawili walikuwa wamesimama muda wote kulishikilia.

Menta wangu alichaguliwa kusema kwa niaba ya wenzake. Sikujua. Nilipomwona anapanda jukwaani nilifurahi, hilo ndilo linalonichefua nikikumbuka: nilifurahi. Akasema atasimulia habari ya binti mmoja wa Mwanza. Akaeleza kibanda, kelele za stendi, simu ya kuazima. Kisha sauti yake ikashuka.

"Binti huyu alikuwa na miaka kumi alipotolewa darasani kuambiwa kwamba baba yake amefariki."

Shangazi alikuwa anapiga makofi na wengine muda wote. Mikono yake ikasimama hewani.

"Anasema nani?" akaninong'oneza.

Nikalitazama bango la kampuni.

"Baba yake nani amefariki?" Na menta akaendelea: kikohozi, wodi, blanketi la kijivu. Shangazi ndiye aliyelifua blanketi lile. Aliisikiliza habari yote mpaka mwisho, amenikazia macho, si jukwaa. Ukumbi uliposimama kushangilia na mpiga picha alipokuja kunipiga picha ya uso, shangazi naye akasimama, akaipachika pochi ya kuazima kwapani, akapita mbele ya magoti ya watu wote wa safu ile akatoka. Hakupaza sauti. Ningeshukuru kama angepaza.

Menta alinikuta kwenye ukuta wa mawe unaotazama maji. Alidhani shangazi amezidiwa na uchungu.

"Mlezi wako yuko wapi? Nimemuumiza?"

"Kaka, yule ni dada yake baba. Na baba yuko hai."

Alicheka kwanza, kicheko kifupi cha mtu ambaye hajasikia vizuri.

"Yuko hai vipi?"

"Yuko Magu, analima. Ulimwona. Yule mzee mwenye jogoo."

Nilimwona akiitafuta Jumamosi ile kichwani na kuipata. Uso wake ulizeeka pale pale.

"Aliniitikia shikamoo," akasema. "Nikamwambia akulee vizuri." Akavua miwani. "Mimi nilikueleza habari za baba yangu. Mke wangu hajui nusu ya niliyokueleza wewe."

"Ya mama ni kweli. Vyote vile vilikuwa vya mama."

"Ulilia."

"Nilimlilia mama."

"Mimi nilimlilia wangu," akasema, akageuka akaenda. Hiyo ndiyo sentensi ya mwisho aliyowahi kuniambia.

Wiki iliyofuata niliitwa ofisini kwa mratibu. Safari hii kucha zilikuwa nyekundu, na pembeni yake alikaa mzee mmoja wa kutoka makao makuu. Nikasema fomu nilijaziwa, na nikamweleza mratibu mbele yake maneno aliyoniambia ukumbini. Hakutetereka.

"Mimi naandika ninachoambiwa. Uliniambia wazazi wamefariki, nikaandika."

"Dada, uliniuliza uandikeje."

"Sikumbuki jambo kama hilo." Na akanitazama kwa huruma ileile ya siku ya kwanza, haikupungua hata kidogo.

Kampuni ilikuwa imeniahidi nafasi ya mafunzo ya kazi katika ghala lao la Mwanza. Ilifutwa siku hiyo. Mzee wa makao makuu akaniambia nishukuru hawalifikishi jambo hilo mbali zaidi. Lakini picha yangu hawakuifuta. Kalenda za kampuni zenye picha hiyo zilikuwa zimeshachapwa, na mwaka mzima uliofuata nilikuwa natabasamu kwenye kuta za maduka ya Mwanza, chini yangu maandishi yakinitaja yatima aliyepewa tumaini. Niliandika barua kuomba iondolewe, barua nzuri, isiyoomba radhi mahali pasipohitajika, kama nilivyofundishwa. Haikujibiwa.

Shangazi hakunifukuza. Aliacha tu kuniita kula. Sahani ilikuwa inawekwa mezani na mimi nikiiona nakaa kula. Siku ya nne akasema, akiwa amenipa mgongo, "Nimemwambia. Nenda ukamwone."

Nilimkuta baba uani anageuza mpunga juani juu ya turubai. Nikampa shikamoo, akaitikia, akanionyesha reki nyingine. Tulifanya kazi mpaka jua likatufikia utosini. Tulipokaa kwenye kivuli cha nyumba ndipo aliponiuliza, bila kuniita mayu.

"Siku ile uliposema mimi jilani, nilidhani unaonea haya miguu yangu. Njiani nikasema, si vibaya, mtoto yuko na watu wakubwa. Nikakusamehe kabla basi halijafika Kisesa." Akaokota punje iliyoruka nje ya turubai, akairudisha. "Kumbe nilikuwa nimekufa."

"Nisamehe, baba."

"Ulisema nilikufa na nini?"

"Kikohozi."

Akaokota punje nyingine. "Kikohozi ni cha mama yako," akasema. "Na wodi?"

"Nilisema wodi ileile."

"Sasa yeye umemwachia nini?"

Nimejaribu kulijibu swali hilo kwa miaka mitano. Nilimtaja mama kwa mtu mmoja tu nje ya ukoo wetu, na nikamtaja kwa jina la mwanaume. Sasa nikimkumbuka kitandani, mara nyingine namwona baba pale, chini ya lile blanketi, na inanibidi nimtoe kwa nguvu ili mama arudi. Hilo nililifanya mwenyewe. Mratibu hakulijaza.

Baba hakunigombeza. Alinipa chakula, akanisindikiza mpaka barabarani, akaniambia nimsalimie dada yake.

Leo nina shughuli yangu. Nakusanya mpunga kwa wakulima wa upande wa Magu, naukoboa, nausafisha, naufunga kwenye mifuko, nausambaza kwenye hoteli na migahawa ya Mwanza. Naingia ofisi ya meneja yeyote na kumwambia nina nini, nakileta lini, na kwa nini ni bora kuliko cha jana, na huwa sishindwi. Kila mteja niliyempata nilimpata kwa maneno ya mtu asiyetaka kusikia sauti yangu. Nimemwandikia mara tatu. Alama za kwamba amesoma zinatokea, kisha hakuna kitu.

Majirani wote wa kijiji chetu wananiuzia mimi. Msimu wa mavuno lori ninalokodi linasimama karibu na nyumba ya baba, watu wanatoa magunia yao, tunapima, tunataniana. Baba hutoka, akanisalimia vizuri mbele ya wote, akaulizia afya yangu, akaleta maji ya kunywa kwa wapakiaji. Magunia yake yeye huyafunga kwenye baiskeli, mawili mawili, akayasukuma mwenyewe mpaka kwenye mashine ya kukoboa mjini, akawauzia watu asiowajua.