Siku Wakwe Walipokuja Kula Bata

Mjomba wangu alikuwa akipiga hodi uani kwake mwenyewe. Nyumba ilikuwa yake, ua wake, kufuli na ufunguo vyake, lakini hakuusukuma ule mlango wa bati kabla hajasema, "Hodi, wenyewe!" na kungoja. Ndani, bata bukini wake dume alijibu kwa sauti kama ya bawaba iliyokosa mafuta, jike akayarudia yaleyale kwa haraka, ndipo Mjomba akaingia ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeingia ofisi ya watu. Wateja walimcheka. Yeye alisema hakuna apendaye kuvamiwa kwake, awe na manyoya au awe na suruali.

Alikuwa fundi makochi. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: benchi refu, mikasi, marobota ya vitambaa, vipande vya sponji vilivyopangwa mpaka darini, na makochi ya watu yaliyovuliwa nguo yakabaki mbao na springi. Misumari midogo aliiweka mdomoni, akawa anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi na kuigongomea. Watu wengi waliamini kwamba ni mpole asiye na maneno. Kweli ilikuwa kwamba mdomo wake ulikuwa na shughuli.

Uani ndiko alikoongea. Huko alikuwa na njiwa waliojileta wenyewe, kunguru aliyevunjika bawa ambaye alimfunga kwa ukanda wa kitambaa cha kochi, cha maua mekundu, na mara kwa mara kinda la mbayuwayu lililoanguka kutoka kwenye dari ya duka la mtu. Mtaani aliitwa Baba Bata. Mtoto akiokota ndege asiyeruka, mama yake alimwambia, "Peleka kwa Baba Bata." Naye alipokea. Alilowesha punje, akazilisha kwa ncha ya kidole, akakemea kama muuguzi: "Meza. Hapa hatubembelezani."

Lakini wenye nyumba walikuwa wale bata bukini wawili. Aliachiwa wakiwa vifaranga na mteja aliyehama mji, wakalelewa chini ya benchi la kazi, juu ya mabaki ya sponji, wakakua wakiamini kwamba yeye ndiye mama yao na kwamba nyundo ndiyo lugha yake. Dume alimwita Meneja, kwa sababu alikuwa akizunguka kila mteja na kumkagua kuanzia viatuni. Jike alimwita Katibu, kwa sababu kila alilolisema Meneja yeye alilirudia. Kila asubuhi aliwabadilishia maji ya beseni, beseni lenye kina, maana bata bukini huosha macho yake kwa kuzamisha kichwa kizima. "Ukimwekea sahani," aliniambia, "unamwambia anawe kwa mate."

Mke wake alikwishafariki. Alikuwa na mtoto mmoja, binti, muuguzi katika mji mwingine. Binti huyo, binamu yangu, alipopata mchumba, Mjomba alifagia chumba cha mbele, akafunika springi kwa mashuka, akaivalia siku ile shati ambalo hatukulijua.

Wakwe walikuja wawili, kijana na baba yake mkubwa, mtu mnene mwenye kicheko kinachotangulia mwili. Mjomba aliwapeleka uani, kwa kuwa ndiko kulikokuwa na fahari yake. Aliwaeleza habari za beseni. Aliwaeleza jinsi bata bukini wanavyooana na kutoachana. Baba Mkubwa alimtazama Meneja juu hadi chini, akapiga makofi.

"Huyu bata ana mwili! Fundi, kumbe una mali huku nyuma!"

"Si mali, ndugu yangu. Ni jamaa."

"Jamaa mwenye mapaja hayo?" Wakacheka wote, hata Mjomba.

Jioni, wageni walipokwisha kuondoka, binti, aliyekuwa amesafiri kuja kwa ajili ya siku hiyo, alimshika baba yake mkono. Nilikuwa naosha vikombe, nikamsikia. "Baba, nakuomba kitu. Siku nyingine tuzungumze na mambo mengine. Saa nzima ni ndege, ndege. Watatuonaje?"

"Nimekuelewa, mama," alisema Mjomba. Akaenda kufunga ua, na safari hiyo hodi yake niliisikia kwa shida.

Wiki chache baadaye yule mchumba alimpigia Mjomba simu. Kijana wa watu hakuwa na ubaya. Alikuwa na lugha ya rika lake tu. Alisema, "Mzee, shikamoo! Jumapili tunakuja na Baba Mkubwa. Safari hii hakuna vikao, tunakuja kwako kula bata tu!"

Kila kijana wa siku hizi anajua kwamba kula bata ni kustarehe: kukaa, kunywa soda, kusahau kazi. Mjomba hakujua. Alikuwa mtu wa redio ya taarifa ya habari na misumari mdomoni. Alisikia bata. Akakumbuka Baba Mkubwa alivyompigia Meneja makofi, akakumbuka mapaja. Akajibu, "Karibuni sana."

Baadaye aliniambia jinsi alivyozunguka na neno hilo. Kumpigia binti simu aliona haya, maana angeanzia wapi, ikiwa mtoto mwenyewe alishasema habari za ndege ziishe? Kununua bata sokoni alifikiri, lakini wageni walikwishamwona waliyemtaka. Wangekuja, wangemkuta Meneja anatembea uani, na wangesema baba wa bibi harusi amewanyima bata wake akawapa wa mitaani. Kukataa kabisa ndiko kulikomtisha zaidi. Binti angeingia kwenye ukoo wa watu akiitwa mtoto wa yule aliyependa bata kuliko wakwe.

Jumapili nilifika mapema kusaidia kupika, nimebeba vitunguu na nyanya. Sufuria kubwa ilikuwa jikoni tayari, inachemka, na harufu yake sikuitambua.

"Mjomba, huyu ni kuku gani anaanza kuchemka alfajiri?"

Alikuwa anapepeta mchele. Hakugeuka. "Si kuku."

"Ni nini?"

"Walisema wanakuja kula bata. Maneno yao hayohayo."

Nilitaka kumweleza, kisha nikaona mikono yake ilivyokuwa ikipeta mchele uliokwisha kuwa safi, makapi hakuna, inapeta tu. Meneja hangerudi kwa maelezo yangu. Nikamenya vitunguu, nikamshukuru Mungu kwamba jikoni kuna kitu kinachoruhusu macho kulia bila kuulizwa.

"Nilipiga hodi kama kawaida," alisema. "Akaja mwenyewe."

Wageni walifika na soda na keki. Binti naye alikuja nao, amesuka, amependeza. Tuliketi kwenye makochi ambayo Mjomba aliyavalisha kitambaa kipya kwa ajili ya siku hiyo. Baba Mkubwa alichukua kipande kikubwa, akatafuna, akaendelea kutafuna, macho yakaanza kumtoka.

"Fundi," alisema, "hii ni nyama au umechanganya na sponji?"

"Baba Mkubwa!" kijana akamkanya, huku anacheka.

"Nauliza tu! Kuku huyu amesoma mpaka chuo!"

"Ni bata," alisema Mjomba. Alikuwa amesimama na bakuli la mchuzi, hajaketi tangu tuanze. "Kama mlivyosema."

"Tulisema nini, Mzee?"

"Kwamba mnakuja kula bata."

Kijana alicheka kabla hajaelewa. Akamgeukia Baba Mkubwa, akamgeukia mchumba wake, akasema, "Hapana, Mzee, kula bata ni msemo tu! Ni kustarehe! Mimi hata nyama ya bata sijawahi kuionja maishani." Baba Mkubwa akapiga goti lake, akacheka mpaka soda ikamwagika. Na Mjomba akacheka pia. Alicheka na wageni, akaendelea wageni walipopunguza, akabaki anacheka peke yake na bakuli mkononi, na mchuzi unatikisika.

Ndipo Katibu alipolia uani. Alilia mara moja, akanyamaza, kama anayengoja kuambiwa cha kurudia.

Binti aliweka uma chini. "Baba," alisema, "Meneja yuko wapi?"

Baba Mkubwa aliacha kutafuna, kipande kikiwa bado shavuni, hajui akimeze au akiteme. Kijana aliutazama mlango wa uani, akaitazama sahani yake. "Mzee, si ungeniuliza?" alisema polepole.

"Mgeni haulizwi mara mbili, baba."

Binti alinyanyuka akaenda uani, akaingia bila hodi. Aliporudi vipodozi vilikuwa vimemharibika. "Baba, tungekula hata maharage. Nani alikwambia umchinje?"

"Ulisema habari za ndege ziishe, mama," alisema Mjomba.

Hakulisema kwa kulaumu. Alilisema kama mtu anayeonyesha kwamba kazi aliyotumwa ameifanya. Binti alijifunika uso kwa viganja vyote viwili, mbele ya wakwe, na sisi wengine tulitazama kila mtu sehemu yake ya ukuta.

Harusi ilifungwa. Wakwe hawakuwa watu wa kuvunja jambo kwa sababu ya sufuria. Ila hadithi haikai ndani ya nyumba. Baba Mkubwa aliisimulia mahali, kwa huruma nadhani, lakini ikifika kwenye kicheko chake huruma ilikuwa inazama. Ikarudi mpaka mtaani kwetu. Jina la Baba Bata likafa. Vijana waliokaa kibarazani kwa kinyozi walipomwona Mjomba na robota la kitambaa begani walimwita, "Mzee Kula Bata! Leo tunakula wapi?" Yeye aliinua mkono kuwasalimu, akapita upande wa pili wa njia. Baada ya muda alianza kupitia nyuma ya maduka, kwenye mitaro.

Mkwe wake alijaribu kurekebisha. Siku moja alikuja na boksi lililotobolewa matundu, ndani yake dume la bata bukini, jeupe, changa, zuri kuliko Meneja. Alipiga magoti mbele ya Mjomba. "Mzee, nimekosa mimi. Pokea."

Mjomba alimwinua. Alimpa chai, akamshukuru, akamrudishia boksi lake. "Mume si stuli, mwanangu," alisema, "kwamba huyu amevunjika mguu, leta mwingine."

Katibu alikataa kula. Alizunguka beseni, akalala karibu na mlango wa bati, akayaacha mahindi yachipue. Mjomba aliendelea kupiga hodi kila asubuhi. Jike halikuitika, naye alikuwa akisimama nje pale kwa muda mrefu, mkono juu ya bati, hajui kama ana ruhusa. Mwisho alibandua kioo kirefu kutoka kwenye kabati bovu la mteja, akakiegemeza ukutani uani. Katibu alikitazama, akakisogelea, akala. Tangu siku hiyo alikula hapo tu, ubavu kwa ubavu na yule wa kwenye kioo.

Nilimpongeza Mjomba. Nilidhani atafurahi. "Unanisifu kwa lipi?" alisema. "Kwanza nimemuua mumewe. Sasa nampa kivuli chake mwenyewe, nasema haya, kula na huyo." Alikigeuza kioo kikatazama ukuta. Kesho yake Katibu hakula, Mjomba akakigeuza tena. Kila alipokipita alikuwa akipita kwa ubavu, ili asijione ndani yake.

Wale njiwa waliendelea kuja, kwa kuwa njiwa hawasikii maneno ya kinyozini. Kunguru alipona, akafunguliwa ukanda wake wa maua mekundu, akaruka bila kuaga. Lakini mtoto akija na kinda mkononi, Mjomba alitoa misumari mdomoni, akasema, "Mpelekeni kwingine. Mimi sifai." Nilimwona siku moja akimrudisha msichana mdogo aliyebeba chozi, kale kandege ka maua, aliyevunjika mguu. Mtoto alisimama mlangoni haondoki, kwa sababu hajawahi kusikia kwamba kuna kwingine. Mjomba alianza kugongomea kochi kwa nguvu. Mtoto alipokwisha kwenda niliona kwamba Mjomba alikuwa anagongomea pasipo na msumari.

Binti yake alikuja mara nyingi, kisha na mjukuu. Walizungumza habari za kazi, za bei za vitambaa, za meno ya mtoto. Habari za ndege hawakuzigusa, na walivyoziruka kila mmoja aliona mwenzake anaruka. Naye binti, kila alipotaka kwenda uani kutoa nguo kambani, nilimsikia akisema "hodi" kwa sauti ndogo.

Mapafu ndiyo yaliyomwangusha Mjomba. Vumbi la sponji, alisema daktari. Alilala chumba cha nyuma, dirisha likitazama uani, lakini alinitaka nining'inize kitambaa dirishani. Binti alikuwa akimhudumia usiku, mimi mchana. Siku ya mwisho niliyomkuta akiwa na fahamu nilikuwa nimetoka kubadilisha maji ya beseni, mikono yangu bado imelowa.

"Mjomba," nilimwuliza, kwa kuwa ilibidi mtu aulize, "Katibu tumfanyeje?"

Aligeuza uso kuelekea kitambaa cha dirishani.

"Mtafutie penye bata wenzake, mama," alisema. "Na wakikuuliza ametoka kwa nani, sema umemwokota."