Kichwa chini ya kitambaa

Bandugu, leo tumefukuza pepo mu nyumba yangu. Musicheke kwanza.

Nafagia chumba cha binti yangu Neema, ule anasoma sanaa ku université.
Kwa kona, kichwa cha mutu! Kimefunikwa na kitambaa chenye maji.

Nikaita Maman Furaha na bamaman bengine ba sala. Tukaomba kwa nguvu, tukakimwangia maji ya baraka. Nikakibeba nikitupe inje.

Neema akaingia mbio.
“Maman, acha! Ni udongo, ni examen yangu ya kesho. Tunajifunza kufinyanga sura.”

Akafunua.

Yesu wangu. Pua yangu! Kilemba changu! Hata kidevu changu cha pili!

Maman Furaha akaniangalia: “Sasa tulikuwa tunafukuza nani?”

Neema naye: “Merci kwa maji, kilikuwa kinaanza kukauka.”

Semeni ukweli, nyinyi mungefunua kwanza?