Asante ya Mjomba Kassim

Siku ile gereji tulikuwa wanne, ukimtoa arbab, yaani bosi mwenye gereji, aliyekuwa ofisini: baba, Mjomba Kassim fundi mwenzake kutoka Mombasa, mdogo wangu Rukia, na mimi. Niliwakumbuka jana, nikitoka zamu ya kazi mtaa wa Marina, huku ughaibuni, nimechoka, gari kuukuu la Kimarekani lisilo na paa liliponipita likinguruma.

Gari kama hilo ndilo lililokuwa likitengenezwa gereji siku ile, nalo lilinuka petroli na ngozi iliyopigwa jua. Kwa kukosa paa, bodi yake ilitetemeka likienda, na baba alikuwa akifunga vyuma vizito kwenye kona za buti ili litulie. Spana ikamponyoka mara mbili.

"Yalla, nipishe," Mjomba Kassim akasema, akakaza nati zote yeye.

Nilidhani anamnyang'anya baba kazi. Alipotugawia juisi ya embe, nikaipokea na kumpa kisogo.

"Asante yangu iko wapi?" akauliza akicheka. "Haya, utanilipa kesho."

Sikujua kwamba ni ugonjwa uliomtetemesha baba mikono, na arbab angejua angemfukuza. Mjomba alimfichia hivyo mpaka baba alipomfuata mama kaburini, nami nikaacha shule nimlee Rukia. Nilipokuja kuelewa, Mjomba alikuwa amekwisha kurudi kwao. Asante yake bado ninayo.