Breki Niliyoitia Mafuta ya Cherehani

Nasikia habari yangu na pikapu imeshafika Njoro, na huko wanasema eti nilivuka barabara bila gauni. Gauni nilikuwa nalo. Niliaibika vya kutosha bila kuongezewa, kwa hivyo nitaisimulia mwenyewe, na anayetaka kucheka acheke mbele yangu.

Mume wangu Zakayo ni seremala hapa Bondeni, na mwaka jana alinunua pikapu kuukuu kwa mzungu mmoja wa shamba aliyekuwa akihama, gari ambalo mlango wa dereva umefungwa kwa waya (kila mtu anaingilia upande wa abiria na kujisogeza) na breki yake ya mkono haikushika kitu. Unaivuta inakuja yote mpaka juu, kisha gari linaondoka zake. Dawa ya Zakayo ilikuwa kabari, kipande cha mvule alichokichonga yeye mwenyewe, na mwenye kazi ya kushuka kila tukisimama na kukisukuma chini ya gurudumu nilikuwa mimi, mtoto mgongoni, mvua au jua. Nilimwambia atengeneze breki. Nilimwambia tena. Alisema wiki ijayo mpaka nikalichukia hilo neno.

Kisha tukaletewa habari kwamba baba yake anakuja kutoka Maragoli kwa ubatizo wa binti yetu Loisi, na akimaliza atarudi naye nyumbani akalelewe na nyanya yake, kwa sababu mimi nilisoma mpaka sekondari na watu wa huko walishaamua kwamba mwanamke aliyekaa na vitabu miaka yote hiyo hawezi kujua kulea. Hakuna aliyeniuliza. Loisi alikuwa bado ananyonya! Sikulia, nilikasirika, na mimi nikikasirika lazima mikono ipate kazi, basi nikachukua spana za Zakayo nikaingia chini ya pikapu, nikijiambia mzee akifika atakuta nyumba ambayo kila kitu kinafanya kazi yake.

Na nusu ya kwanza niliifanya vizuri, hilo mnipe. Nilimwomba jirani avute breki nami nikitazama kutoka chini, nikaona waya unaokwenda kwenye magurudumu ya nyuma umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, nikakaza nati yake mpaka breki ikawa inavutwa kidogo tu na kushika. Tukalisukuma gari pale uani, halikusogea. Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima. Lakini magurudumu ya nyuma yalikuwa yakilia gari likitembea, na mimi nina cherehani, na cherehani ikilia unaitia mafuta, kwa hivyo nikatafuta lile tundu dogo lililo nyuma ya kila gurudumu, nikamimina humo mafuta ya cherehani mpaka chupa ikaisha. (Ndani ya tundu hilo ndimo mna vile vipande vinavyolibana gurudumu lisizunguke. Sasa najua.)

Jumapili asubuhi, mzee akiwa amelala kwetu usiku wa kwanza, kuni zilikuwa zimelowa na chai ilikataa kuchemka. Macho yangu yakaangukia ile kabari pale mlangoni, kavu, haina kazi tena duniani. Nikaitia motoni. Iliwaka vizuri mno.

Wasiotujua niwaeleze kwamba kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawagusani kabisa, hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja, na hata maneno yao yanapitia kwa mtu mwingine. Kwa hivyo mzee alikaa mbele na Zakayo, mimi na Loisi tukakaa nyuma pamoja na viti vya wageni. Kanisa letu liko kwenye mteremko wa Menengai. Zakayo aliposimamisha gari, pua ikitazama mjini kule chini, akataka kuliacha kwenye gia kama kawaida yake, nami nikainama dirishani nikasema, "Baba Loisi, acha gia. Vuta breki tu. Na umwambie Baba aliyeitengeneza ni nani."

Akaivuta, ikashika. Tukaingia, tukaimba, mtoto akabatizwa, na muda huo wote mafuta yangu yalikuwa yakishuka taratibu mahali yasipotakiwa.

Ibada ilipokwisha mzee alisema magoti yanamuuma, akapewa mjukuu wake, akaenda kukaa garini. Naona ni ule uzito wake wakati wa kupanda uliolishtua. Pikapu ikaanza kwenda, polepole, bila kelele hata kidogo, maana kelele niliiondoa mimi. Chini walikuwa wamesimama kina mama wa kwaya wakisalimiana, na chini yao ni barabara ya malori.

Nilikimbia. Viatu vilibaki nyuma, kitambaa cha kichwa kikabaki. Mlango wa kufunguka ulikuwa mmoja tu, wa mzee, nikaufungua nikajirusha ndani kama mtu anayepiga mbizi, nikaikandamiza breki ya mguu kwa mikono miwili, na gari likasimama karibu na kwaya, kichwa changu kikiwa chini ya usukani, tumbo langu magotini pa baba mkwe, na miguu yangu nje ya mlango ikiwatazama waumini wote.

Nikiachia, linaondoka. Kwa hivyo nikabaki hivyo hivyo. Mzee alikuwa amemwinua Loisi kwa mikono yote miwili mpaka darini ili asije akanigusa, macho yake ameyapeleka nje, na Loisi huko juu anacheka.

Nikasikia Zakayo anapiga mbio. "Mama Loisi, kabari iko wapi?"

"Mmeinywea chai," nikamjibu kutoka chini.

Mzee akakohoa. Wakatafuta mawe, mawe hakuna, vijana walikuwa wamesafisha uwanja jana yake, mpaka mtu akaleta benchi la kanisa wakaliweka mbele ya magurudumu.

Tulirudi nyumbani, chakula cha mchana kikaliwa. Nikaingia chumbani nikaanza kukunja nguo za mtoto, nikizitupa kikapuni moja moja, maana kama ni kesi nilikuwa nimeshashindwa. Ndipo nikamsikia mzee sebuleni, anasema na Zakayo lakini kwa sauti ya kufika chumbani.

"Mwambie mkeo aache kufunga hizo nguo. Mimi magoti yangu unayajua, na mama yako haoni mbali. Huko nyumbani mtoto akiondoka na gari, nani atakimbia namna ile?"

Nilikaa kitandani, nguo mkononi.

"Mwiko umevunjika, kuku wa kututakasa atachinjwa," akaendelea. "Lakini mwambie ampike kwa kuni."

Zakayo alivisugua vile vipande vya breki kwa petroli siku mbili, akachonga na kabari mpya, na Jumapili hizi naipakata mimi mwenyewe kama mtoto wa pili. Bado sijamaliza hasira naye kwa ile wiki ijayo yake. Na mbele ya watu sitajisifia tena kitu nilichokijaribu kwenye uwanja tambarare tu.

Tulipomsindikiza mzee stesheni, nilisimama mbali na Loisi mgongoni kama inavyotakiwa. Gari moshi lilipoanza kusogea akaonekana dirishani, mkongojo ameuweka kwapani, akatutazama, kisha akainua mikono yote miwili juu, vile vile kama siku ile garini.